Mbinu za Kumvuta Nakeno

Jumanne, 22 Aprili
Lodwar. Joto. Moyo unapiga kama jenereta bovu. Daktari amesema hautafika mbali, kwa hiyo humu nitaungama kila kitu. Binti yangu Namuria amekuja kutoka Kakuma na Nakeno, mjukuu wangu wa pekee, miaka minne. Wanarudi Jumamosi. Nataka kitu kimoja tu: aketi nami kwa hiari yake kabla sijafa. Ananiogopa. Nimekagua shule za wilaya nzima, mtoto mmoja atanishinda? Nilimpa biskuti. Akaipokea kwa adabu, akampelekea jirani yangu Lomunokol, kisha akampanda mgongoni! Mzee yule alinicheka waziwazi. Eti, Mwalimu, kwako ni dukani, kwangu ni nyumbani.

Jumatano, 23 Aprili
Naungama. Nilimficha mdoli wa Nakeno nyuma ya mtungi wa maji, ili alie, kisha mimi nimpate. Shujaa! Alilia. Nikaenda polepole na mkongojo wangu. Mbuzi wa Lomunokol alikuwa amenitangulia. Mdoli alibaki mguu mmoja. Nakeno akajitupa chini, akapiga mateke. Nikamwamuru anyamaze, kwa ile sauti yangu ya ukaguzi. Alinyamaza. Akaingia chini ya kitanda, hakutoka hadi jioni. Namuria akaniuliza, Baba, hasira yake inakukosea nini? Mwache aimalize, wewe kaa karibu tu. Sikusema nani alimficha mdoli. Nilimlaumu mbuzi.

Alhamisi, 24 Aprili
Namuria alikuwa nje akifua. Kifua kikanibana. Nyumba kimya. Nikalia, mimi mzee mzima! Mara mkono mdogo gotini. Nakeno. Hakuniambia ninyamaze. Aliketi kando yangu mkekani, akaniegemea, akasema nilie tu, yeye yupo. Mwalimu Nyaboth wa shuleni kwao hufanya hivyo, akanieleza. Tulikaa hadi nguo zikakauka kambani. Nimeelewa sasa. Siri ni machozi!

Jumamosi, 26 Aprili
Gari la Kakuma likafika. Nikaanza kulia langoni, mabega yakitikisika. Lomunokol akauliza kutoka ng'ambo ya ua nani anachinja bila kumwalika. Nakeno akanitazama kwa makini. Akasema, Babu, kilio hiki si cha kweli. Akanipungia mkono, akapanda gari.

Nyumba imerudi kimya. Watakuja tena likizo ya Agosti. Daktari haniahidi Agosti. Hata hivyo kosa nimeliona: macho yalikuwa makavu. Nimemwagiza Lomunokol aniletee kitunguu. Kikubwa.