Ombi la Kurudisha Kiti cha Magurudumu Nilichopewa na Mawakili Walionishinda

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Hisani,
Ofisi ya Mawakili, ghorofa ya tano.

(Nakala kwa Mkuu wa Kesi za Bima, ghorofa hiyohiyo, mlango unaotazamana na wako, ikiwa hamjawahi kujuana.)

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba lifti ya jengo lenu nayo imepata nafuu. Mimi sijambo, au sijambo kidogo, au ni mgonjwa kabisa. Jibu linategemea ni mlango upi wa ofisi yenu utakaoulizwa, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ikiwa umenisahau, mimi ni yule fundi cherehani wa kibarazani, mkabala na duka la rangi. Gari la kusambaza sabuni lilirudi nyuma bila dereva kutazama, likapanda kibarazani, likanibana kwenye meza yangu mwenyewe nikiwa napinda suruali ya mtu. Nyonga ya kulia ikavunjika. Gari lilikuwa na bima, bima ina mawakili, na mawakili ni ninyi. Niliomba kitu kimoja tu: gharama za upasuaji wa nyonga, ili mguu urudi kwenye kanyagio la cherehani. Mkapinga kwa ustadi, mahakama ikakubaliana nanyi, nikarudi nyumbani. Binti wa dada yangu, wakili mchanga aliyenisimamia bila malipo, akakata rufaa siku ileile huku akilia kwa hasira. Mimi nikamwambia aachane nayo, nimechoka. Halafu, kabla hata sijamaliza kununa, mkaja nyumbani kwangu na kiti cha magurudumu, fulana zenye jina la ofisi na mpiga picha.

Sina kinyongo. Wageni wangu walikuwa na adabu, walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ila nina malalamiko, na nimeyapanga kwa namba kwa sababu niliona mahakamani kwamba ndivyo mnavyopenda.

1. Kiti chenu kinanivunjisha sheria. Hukumu inasema mdai, yaani mimi, anatembea vizuri kama mtu yeyote wa umri wake. Mimi ni raia mtiifu, sijawahi kubishana na serikali hata kwa macho. Sasa kila nikikalia kiti hiki najiona naipinga mahakama hadharani, tena kwa magurudumu. Mume wangu, aliyekuwa karani na mpaka leo anaogopa karatasi yoyote yenye muhuri, ananisihi nisitoke nacho nje. Tumeafikiana nikikalie Jumamosi na Jumapili, mahakama zikiwa zimefungwa. Siku za kazi nachechemea kisheria.

2. Kuhusu ngazi. Nilipoitwa ofisini kwenu kutoa maelezo, lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda mpaka ghorofa ya tano, nikipumzika kila ghorofa, nimeegemea bega la mlinzi wenu, kijana mwenye moyo ambaye alinibebea mkoba na kunisimulia habari za mke wake mjamzito. Nilipofika juu nililetewa maji ya baridi. Nilifurahi sana, nikasema hawa ni watu. Kumbe maji yalikuwa ya kuniwekea kumbukumbu, maana mahakamani nilisikia kwamba mdai alipanda ghorofa tano kwa miguu yake. Bega la mlinzi halikutajwa. Lakini mlipotaka kunipa kiti, katibu wenu alinipigia simu akasema kwa upole, "Usijisumbue kuja huku, mama, tunajua ngazi huziwezi." Mheshimiwa, mlijua lini?

3. Kuhusu Wakili Tabasamu. Jina lake halisi analo yeye, hili ni la mtaani kwetu. Yeye ndiye aliyemweleza jaji, akiwa amefungua koti, kwamba mguu uliokanyaga cherehani miaka yote hiyo una nguvu kuliko mguu wa mchezaji mpira, na kwamba gari la sabuni haliwezi kuuvunja, labda kuutingisha tu. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa kuwa alisema vizuri. Siku ya kiti alikuja yeye yuleyule. Alipiga magoti sebuleni kwangu, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akauweka kwenye kikanyagio cha kiti taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaniuliza, "Hapa panauma?"

Nililia. Gazeti likaandika kwamba nilibubujikwa na machozi ya furaha. Nilikuwa nalia kwa uchungu, kwa sababu katika kesi nzima hakuna aliyeniuliza swali hilo, na yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuniuliza.

4. Kalenda. Mmetoa kalenda nzuri ya ukutani, karatasi ngumu, rangi hazichujuki. Mimi ni mwezi wa sita. Chini ya picha yangu mmeandika kwamba huyu ni mama mlemavu asiyeweza hata hatua moja, na mmetia nembo ya ofisi. Sasa majirani wananitania kwamba tuko wawili, wa kwenye hukumu na wa kwenye kalenda, na wanauliza nani kati yetu anashona nguo zao. Wateja wanaotaka punguzo la bei wanamtafuta wa kalenda. Wanaotaka nguo haraka wanamtafuta wa hukumu. Nimechoka kuwa wawili, mheshimiwa, na wote wawili wanalala kitanda kimoja na nyonga moja.

5. Mikono ya kiti haiingii chini ya meza ya cherehani. Tumejaribu kwa mbele, kwa ubavu, mume wangu akanisukuma kwa nguvu mpaka uzi ukadondoka rafuni. Haiingii. Na hata ingeingia, kanyagio linataka mguu na kiti hakina. Sare za shule za mtaa mzima zimerundikana hapa, na wenye watoto wameanza kunipita kwa heshima kwenda kwa fundi wa kona ya pili, ambaye pindo zake zinafumuka zikipigwa pasi tu. Hili linaniumiza kuliko nyonga.

6. Nilitaka kujua nilichaguliwaje, maana sikuomba. Katibu wenu, ambaye hana hila, alimweleza mume wangu wakinywa chai. Kumbe kila mwaka kamati inahangaika kutafuta wahitaji, na safari hii muda ulikuwa finyu. Mtu mmoja mwerevu akafungua kabati la kesi za bima zilizokwisha. Humo mna watu kamili, anwani zimehakikiwa, na kila mmoja ana ripoti ya daktari. Mlisoma ripoti yangu, ileile mliyoiita ya kutia chumvi, mkaguswa. Nami nimeguswa na kuguswa kwenu. Ila nimejiuliza kwa nini mlihangaika kwenda na kurudi.

Ndiyo maana, baada ya kulalamika, napenda kutoa mapendekezo ya kuwapunguzia kazi.

Kwanza, milango miwili iwe mmoja. Wakili akienda mahakamani na hoja zake abebe na kiti, akifiche chini ya meza. Akishinda tu, akivute, anikalishe palepale, jaji apige makofi. Mpiga picha atakuwa na mwanga mzuri kuliko sebuleni kwangu, ambako taa ni moja.

Pili, wakati mwingine msisubiri hukumu. Mkipokea kesi mpya mtume fundi apime kabisa upana wa mdai, kama mimi ninavyompima mteja kabla ya kukata kitambaa. Cha kwangu kinanibana kiunoni.

Tatu, na hili ni la manufaa ya taifa, mzungumze na kampuni ya bima iwape madereva maelekezo. Watugongee karibu na barabara ya lami. Gari lenu la hisani lilikwama kwenye tope la mtaani kwetu, na vijana waliolisukuma hawakupewa hata fulana. Mkijipanga vizuri, dereva anaweza kuja na kiti nyuma ya gari. Akishamgonga mtu anashuka, anatoa pole, anakabidhi, anaendelea na sabuni zake. Kesi haitakuwepo, ila mtabaki na kalenda.

Lakini najua mabadiliko makubwa huchukua muda. Kwa sasa naomba mojawapo ya mambo mawili:

(a) mje mchukue kiti chenu, mniache na mguu ambao mahakama imeuthibitisha kuwa mzima, nijikaze nao kisabuni; au

(b) mniandikie cheti chenye muhuri, kinachosema kwamba mimi ni mzima na nakaa kwenye kiti hiki kwa starehe tu. Nitakibandika mgongoni mwa kiti, pale mlipobandika nembo ya kampuni ya bima, ili yeyote atakayenikuta asinionee huruma kinyume cha sheria.

Binafsi ningependa (a). Nimekubali kushindwa. Binti wa dada yangu bado anashikilia rufaa yake, ila nitamwambia aifute, kwa kuwa sina kitu kipya cha kumwonyesha jaji zaidi ya mguu uleule.

Nisalimie ofisi nzima. Msalimie katibu, mwambie mume wangu anasema chai ipo siku zote. Msalimie mlinzi na bega lake, na mke wake akijifungua salama nitamshonea mtoto nguo. Msalimie mpiga picha, alinichukua upande mzuri. Na Wakili Tabasamu mwambie jibu la swali lake ni ndiyo, hapo panauma, na kidogo juu yake pia.

Ni mimi niliyeshindwa kihalali na kusaidiwa kwa hiari,

Fundi Cherehani wa Kibarazani

Tanbihi:

Mheshimiwa, bahasha ilikuwa bado haijafungwa alipoingia binti wa dada yangu kuchukua gauni lake. Ameisoma barua yote amesimama. Alipofika namba 4 alikaa, na alikaa kwenye kiti chenu maana ndicho kilichokuwa karibu, akacheka mpaka nikaogopa. Akaniuliza hiyo kalenda iko wapi. Nikamwonyesha, iko jikoni. Akasema hata masjala ya mahakama ya rufaa wanayo ukutani, mliwagawia bure, na aliipita tu jana bila kufunua mwezi wa sita. Amesoma maneno yenu chini ya picha yangu kwa sauti, mara mbili, kisha akamwuliza mume wangu kama yuko tayari kurudia mbele ya jaji yale aliyosimuliwa kwenye chai. Mume wangu, yeye na hofu yake ya mihuri, amesema yuko tayari na amekwenda kupiga pasi shati.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote ya hapo juu, pamoja na (a) na (b). Kiti msije kukichukua, ni kielelezo. Cheti cha uzima msiandike. Mimi ni mlemavu nisiyeweza hata hatua moja, kama mlivyosema wenyewe kwa rangi zisizochujuka, na nawashukuru kwa mikono miwili.

Naomba tu kalenda nyingine tatu, kwa kuwa majaji wa rufaa hukaa watatu. Tutaonana huko. Nimeulizia, chumba kiko chini kabisa, hakina ngazi, na milango yake ni mipana.