Jumamosi Mke Wangu Hatatapika

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Nimepata! Leseni ya kubeba abiria, wino haujakauka. Mwalimu wangu wa urubani, mwanamke mkavu ambaye pale klabuni tunamwita Mama Upepo, alinipa mkono na kuniambia nisiue mtu. Nadhani ulikuwa utani. Hakucheka.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu alikuwa jikoni, bado kavaa sare ya kliniki ya meno anakofanya kazi ya uuguzi. Nikamwambia. Akafurahi kweli, akanikumbatia, akaniuliza kama nimekumbuka gesi. Sikukumbuka.

Nikatoa mpango. Dada yake amejifungua. Kwa barabara ni kutwa nzima ya mashimo na vumbi. Kwa ndege ya klabu, viti vinne na mimi mbele, ni asubuhi moja tu. Jumamosi twende! Akavuta kiti, akakaa. Akasema dada yake anampenda, na mimi ananipenda, ila tumbo lake halimpendi mtu yeyote likishaondoka ardhini. Aliwahi kutapika kwenye bembea. Ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma, enzi za uchumba, na nilidhani anatetemeka kwa mapenzi.

Kwa bahati mbaya mdogo wake wa kiume alikuwepo mezani. Huwa yupo mezani. Namwita Bwana Mkanda, kwa sababu hawashi gari kabla hajakagua mikanda ya watu wote, hata kama gari linasogezwa kivulini tu. Akasema, taratibu, huku anajiongezea chakula, kwamba dada asijisumbue. Yeye atampeleka. Kwa gari. Na mto wa shingo anao.

Mto wa shingo!

Mke wangu akasema atafikiria. Akanitazama kwa huruma. Naijua huruma hiyo, ndiyo anayompa mtu kabla ya kung'olewa gego. Basi nimeamua. Atasafiri na mimi, na atastarehe, apende asipende.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Nimewaza kitaalamu. Tumbo ni misuli. Misuli hufunzwa. Tuna mashine ya kufulia ambayo ikifika kwenye kukamua hutikisika hadi vikombe vya kabatini vinagongana. Nikatandika mto juu yake, nikamwambia mke wangu ni tiba ya mgongo. Akapanda. Nikasimama mbele yake, namkodolea macho, nasubiri uso ubadilike rangi.

Wapi! Alitoa simu, akampigia dada yake, wakazungumza habari za kitovu cha mtoto mpaka mashine ikazima yenyewe. Akashuka akajinyoosha. Akasema mgongo kweli umelegea, asante sana mume wangu.

Sielewi. Nikapanda mwenyewe kuhakiki. Nikafumba macho ili nihisi vizuri. Yaliyofuata sina haja ya kuyaandika. Niseme tu kwamba nguo zilibidi zifuliwe upya, na mimi pia. Aliyeniletea maji ni Bwana Mkanda. Akaniuliza kama nilikuwa nimejifunga. Juu ya mashine ya kufulia! Mtu mzima huyo.

Sasa kichwa kinanizunguka, na si kwa sababu ya mashine. Kama hasumbuliwi na mtikisiko, anasumbuliwa na nini? Lazima ni urefu. Anaogopa kuona chini. Asipoona chini, hakuna chini. Kwa nini sikuliwaza hili mapema?

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Mimi ni fundi miwani, na leo nimetengeneza miwani ambayo haijawahi kutengenezwa. Nusu ya juu ya kioo ni safi kama maji. Nusu ya chini nimeisugua mpaka ikawa ukungu mtupu. Mvaaji anaiona mbingu, haioni ardhi. Nilizama kwenye kazi hiyo hivi kwamba mteja mmoja aliyekuja kuchukua miwani yake ya kusomea nikampa ya mtu mwingine. Alirudi baadaye, kashika ukuta, akalalamika kwamba ngazi zetu zimeongezeka.

Jioni nikampa mke wangu. Nikamwambia ndiyo mitindo ya marubani siku hizi. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema inampendeza kuanzia puani kwenda juu. Akatembea vizuri hadi mlangoni. Kizingiti hakukiona.

Aliyemdaka ni Bwana Mkanda. Sijui alitokea wapi. Akasema, huku anamfuta dada yake goti, kwamba kwenye gari lake mtu anaruhusiwa kuona miguu yake. Mke wangu akaniuliza kwa nini ukungu umeanzia hapo hapo. Nikamjibu kwamba marubani hawana desturi ya kutazama miguu. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa ile nusu ya juu.

Hata hivyo hakuitupa. Aliikunja akaiweka kwenye mkoba. Ni dalili njema au mbaya? Nimelala chali nikiwaza.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Nilikwenda kwa Mama Upepo kutafuta ushauri, kwa siri. Nilisema nina rafiki, rubani mpya, mke wake anachafukwa na tumbo. Alikuwa anapima oili ya injini, mikono myeusi hadi viwiko. Hakugeuka. Akasema huyo rafiki aondoke mapema, kabla jua halijapasha ardhi, hewa ikiwa bado imetulia. Mke atazame mbali, pale mbingu inapokutana na ardhi. Ale kidogo tu. Rafiki asipinde ndege kwa ghafla. Na kila anachotaka kufanya, amwambie mkewe kabla hajakifanya. Halafu akageuka, akasema rafiki yangu asijaribu ujanja.

Nimeyatafakari njia nzima nikirudi. Namheshimu, lakini hana mume, atajuaje? Atazame ardhi, wakati ardhi ndiyo inayomtisha? Amwambie kabla? Nani anamtangazia mtu mtikisiko? Ni sawa na kumwandikia barua ya vitisho.

Nimechukua lile la chakula, nikaliboresha. Tangawizi inasifika kwa kutuliza tumbo. Nimenunua biskuti za tangawizi, pipi za tangawizi, na tangawizi yenyewe, mkono mzima, ya chai. Na kuhusu kusema, nitafanya kinyume chake. Hedifoni za abiria zina waya unaochomekwa chini ya dashibodi. Nitauchomoa. Hatasikia mnara wa waongozaji ukitaja upepo, hatasikia neno tahadhari, hatasikia chochote. Atakaa kwenye kimya kama malkia.

Jioni mke wangu akasema ameamua. Atakuja na mimi.

Niliruka mpaka nikagonga taa! Akasema ameniona nikisoma vile vitabu nikisinzia navyo kifuani, na hataki kuwa mtu anayebaki chini kila siku akipunga mkono. Alisema hayo akitazama vidole vyake. Akaongeza kwamba anaogopa sana, lakini ananiamini.

Hapo kidogo nimwambie habari ya waya. Kidogo sana. Bwana Mkanda akakohoa, akasema yeye atafuata kwa gari, ikitokea. Ikitokea nini? Hakusema. Akampa dada yake mto wa shingo, akamwambia autunze.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Naandika nikiwa kwa dada yake, chumba cha wageni, nepi zinakaukia juu ya kichwa changu. Tuko hai. Mengine yote sijui niyapange vipi.

Tulipaswa kuondoka mapema. Lakini chai ya tangawizi haiharakishwi, na ilibidi ipoe, na biskuti zilibidi ziliwe nilipokuwa nikimtazama. Halafu tukarudi kuchukua miwani. Tulipopaa jua lilikuwa limeshachachamaa.

Nilimfunga mkanda, nikamvisha hedifoni, nikamvisha miwani, nikamvisha mto wa shingo. Akakaa kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Tukaondoka ardhini, laini kabisa. Nikamwonyesha dole gumba. Sidhani kama aliliona, lilikuwa kwenye ukungu.

Kisha tukafika juu ya vilima, hewa moto ikaanza kutupiga kwa chini. Mimi nilikuwa na kazi zangu. Naongea na mnara, najisomea vipimo kwa sauti kama nilivyofundishwa. Nikahisi kucha mkononi. Mke wangu ananiangalia mdomo, macho yamemtoka. Akapiga kelele iliyoshinda injini:

“Unasali?”

Nikatikisa kichwa. Inaonekana akadhani namaanisha hata sala haisaidii tena. Hapo tangawizi ikarudi. Mfuko wa kwanza. Mfuko wa pili. Kofia yangu ya urubani, mpya.

Ndipo akajivua ile miwani, akaitupa nyuma. Akaushika waya wa hedifoni, akaufuata kwa mkono, taratibu, hadi mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa unaning'inia. Akautazama. Akanitazama. Akauchomeka mwenyewe.

“Nani kauchomoa huu?”

Hilo ndilo neno la kwanza la mke wangu kunifikia kwa hedifoni angani. Nikasema huenda umeteleza.

“Mume wangu,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyotegemea, “hata mgonjwa wa jino namwambia sindano inakuja. Nilikuwa nadhani tunakufa, na wewe unaaga peke yako. Niambie kinachokuja.”

Basi nikamtii. Nikasema sasa tutapinda kushoto, kidogo. Tukapinda. Akaitikia kwa kichwa. Nikasema juu ya kile kilima cha mbele tutaruka ruka. Tukaruka ruka. Akaitikia tena. Akawa anatazama mbali kupitia kioo cha mbele, na rangi ikaanza kurudi midomoni mwake. Akauliza kile ni nini, na hiki je. Nikaeleza. Akauliza kama anaweza kushika usukani. Wa upande wake, nikasema, na mimi mkono wangu uko hapa.

Akaushika kwa vidole, kama anavyoshika taya la mtu. Na ndege ikatulia. Ilitulia kuliko kwangu! Akacheka. Alicheka kweli, akasema nitazame, mto ule, na ng'ombe wanavuka, wadogo kama njugu.

Sikuwaona ng'ombe. Nilikuwa nimeinama kuokota ramani iliyoanguka miguuni. Niliinama, ndege ikayumba kidogo, na mimi si dereva tena bali ni abiria, na lile jambo la mashine ya kufulia likajirudia. Mfuko haukuwepo. Kofia haikuwepo. Kulikuwa na mto wa shingo wa Bwana Mkanda.

Mke wangu alinipapasa mgongo kwa mkono mmoja, mwingine kwenye usukani, akaniambia nipumue kwa pua, sasa tema, sasa inua kichwa, tazama mbali. Ajabu, nilipata nafuu. Kwa nini? Nikashika tena, nikatua. Nilitua vizuri. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaja.

Dada yake alitungoja getini na mtoto. Mke wangu alisimulia kila kitu, mpaka wakashikana mabega kwa kicheko. Halafu akamchukua mtoto, akaniwekea mikononi, akamwambia, “Huyu hapa ndiye aliyenileta kwako.” Nilitaka kusema neno. Mtoto akanicheulia.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Bwana Mkanda kafika, kajaa vumbi mpaka kwenye nyusi, kaulizia mto wake. Nilimwambia umeanikwa. Ni kweli, umeanikwa.

Nimekaa kibarazani nikichambua yaliyotokea. Mke wangu anaamini kwamba alipona kwa sababu alisikia na kuona. Maskini. Tangawizi ndiyo iliyofanya kazi! Huchelewa, kila mtu anajua, na ilifika kazini wakati ule ule alipochomeka waya. Ilinichanganya hata mimi kwa muda. Sasa naona wazi.

Kesho tunarudi. Mke wangu ameshasema atarudi kwa ndege, ila kwa sharti moja, kila kinachokuja aambiwe. Nimeapa. Bwana Mkanda amebaki mdomo wazi. Siku tamu!

Kuna jambo moja dogo. Mama mkwe, aliyekuja huku kumsaidia binti yake na uzazi, anataka kurudi nasi. Jana tulipofika alikuwa amelala, na hajui tulikuja na nini. Ni mtu ambaye hapandi hata kiti kubadilisha balbu. Mke wangu akaniambia jambo ni rahisi, nimweleze ukweli wote, hatua kwa hatua, kabla hatujaondoka. Nikamwambia aniachie mimi.

Nimeazima mashuka mawili ya mtoto, yanaziba barabara madirisha ya nyuma ya ndege. Mama mkwe nimemwambia tunarudi kwa basi dogo lisilosimama njiani. Akauliza kama lina kondakta.

Nikamwambia ni mimi.