Mwenye Jino wa Serikali

Watu wote wa mlimani na wa bondeni mnatangaziwa kwamba gego la chini la Bwana Mkubwa wa Boma la Tengeru, upande wa kushoto, limepona kwa amri. Atakayeuliza hali yake atapata viboko hamsa ishirini.

Tangazo hilo nililiandika mimi, karani wa Boma, ambalo wenye wivu huliita kibanda. Ngoma ikapigwa sokoni. Barua ikaenda kwa wakubwa wa Kijerumani Dar es Salaam, jibu likarudi: hongereni.

Wiki mbili baadaye jino likaasi.

Daktari aliyeliziba mwanzo akaja tena kutoka Moshi na mashine yake ya kutoboa meno, ile ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Akachungulia.

"Mzizi mmoja niliusahau," akasema. "Nifungue upya, nisafishe, nizibe tena."

"Haiwezekani!" Bwana Mkubwa kashika shavu. "Jino langu limepona. Dar es Salaam wanajua."

"Basi linalouma ni la nani?"

Swali zito. Tulilikalia kikao toka asubuhi mpaka chai. Mwisho mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, nikashauri mdomo ubaki wa Bwana Mkubwa, ila jino tuliandike kwa mtu mwingine.

Mtu mwenyewe alikuwa pale mlangoni. Sumari wa Nkoaranga, mbeba mawe wa barabara, kaja mara ya tatu kuomba ruhusa kwa sababu mkewe Hanna yu karibu kujifungua. Mara mbili za kwanza nilimjibu kwamba serikali haizai.

"Wewe, una meno?"

"Ninayo mengi, Bwana Karani."

"Moja linauma."

"Mbona haliumi?"

"Linauma. Tia dole gumba hapa."

Akatia. Bwana Mkubwa, akijua anayetibiwa ni yeye, akanitajia masharti mwenyewe. Mgonjwa apumzike mpaka tiba ikamilike. Apewe kuku na maziwa. Askari asimsogelee, wala mtu asimwite kwa nguvu. Tena jino lisiguswe mpaka mwenye jino awepo na atie dole. Akapiga muhuri, roho kwatu.

Daktari akafungua jino, akasafisha mizizi, akaweka dawa na pamba. Kuziba ni siku ya saba. Halafu akasoma karatasi. Huyu daktari hakuwa chini ya Bwana Mkubwa, alikuwa chini ya karatasi.

"Sumari ni nani?"

"Mimi."

"Pole sana, baba. Nenda nyumbani ukapumzike."

Sumari akaondoka na kuku wawili na kibuyu cha maziwa. Bwana Mkubwa, kwa kuwa alikuwa mzima, akarudi kazini.

Siku ya saba Sumari hakuonekana. Siku ya tisa shavu la Bwana Mkubwa likawa kama papai, na daktari kagoma kuligusa jino bila dole gumba. Nikatumwa Nkoaranga. Njia ile inapanda mpaka kofia inakudondokea mgongoni. Nikamkuta Sumari kwenye migomba, kapakata kitoto kichanga.

"Karibu, Bwana Karani. Pole na mlima."

"Hongera ya mtoto. Twende ukamalize jino."

"Likiisha nafanya nini?"

"Unarudi kwenye mawe."

Sumari akajishika shavu. "Ah, bado linauma."

"Linauma sana?"

"Mimi nitajuaje? Umemwacha Bwana Mkubwa anafanya nini?"

"Analia."

"Basi linauma sana."

Hanna akatoa kichwa mlangoni. "Shemeji, usimsemeshe mgonjwa. Anatakiwa kupumzika."

Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena. Safari ya tatu nilipanda na karatasi mpya: Sumari ni Mwenye Jino wa Serikali, cheo cha maisha, asibebe jiwe tena hata jino likipona. Bwana Mkubwa aliitia sahihi bila kuisoma, machozi yalimzuia. Sumari akashuka, akatia dole, mzizi ukazibwa. Bwana Mkubwa akalala usingizi siku nzima.

Alipoamka, akanituma dirishani nikaangalie kelele za nini. Wabeba mawe wote walikuwa wamejipanga mstari mmoja mlangoni, kila mtu kashika shavu.

"Wanataka nini?"

"Wamesikia una meno mengine thelathini na moja, Bwana Mkubwa. Wamekuja kuandikishwa."

Bwana Mkubwa akafunga mdomo haraka, akauziba kwa mikono yote miwili. Nikawahesabu: thelathini na moja kamili. Ilinibidi nimrudishe yule wa mwisho kwenye mawe, maana gego la juu kulia nilikuwa nimeshajiandikia mimi.