Kiwanja Kimefungwa kwa Matengenezo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Joto. Miguu imevimba kwa kusimama ghalani. Jana kanisani nilitamka mbele za watu kwamba kule kwetu Bukavu nilikuwa bingwa wa tenisi. Ukweli: nilikuwa namwagia maji kiwanja cha klabu ili vumbi litulie. Silas Nyamweya, nesi Mkenya, alisikia. Akaomba tucheze Jumamosi. Kwa heshima kabisa, na hilo ndilo linaloudhi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekwenda kujinoa kwenye viwanja vya shule hapa Highview, mtaa wetu huku ugenini. Nje ya saa za masomo ni vya kila mtu. Nyamweya alikuwepo tayari, shati jeupe, hakosi mpira. Nilikaa nyuma ya gari mpaka akaondoka. Jua limezama. Raketi sikuitoa hata mfukoni mwake.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango! Kabla ya kazi nimebandika karatasi langoni, kwa Kiingereza: kimefungwa kwa matengenezo. Jioni hapana mtu. Nimecheza peke yangu dakika kumi na tano. Mipira minne imevuka uzio. Mgongo umegoma.

Alhamisi, 7 Agosti
Kufuli. Mzee Rugaba, anayetunza majengo ya shule, ameiamini karatasi yangu. Kuna baya zaidi. Mke wangu Clémence ana presha, daktari amemwagiza atembee, na kila asubuhi huzunguka viwanja hivyo na rafiki yake Esperance. Leo walikuta pamefungwa, wakatembea kando ya barabara kubwa. Lori likapita karibu mno. Clémence akarukia mtaroni, akateguka mguu. Nilikuwa namwekea barafu alipotoa kwenye mkoba ile karatasi, ameibandua langoni.
"Papa Sandrine," akasema polepole, "hii maandiko ni ya weye."
Nikakubali. Hakunigombeza. Akageukia ukutani. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeungama kwa Mzee Rugaba. Amenitazama sana, akafungua kufuli, akanipa ufagio. Viwanja vyote viwili, nyuzi joto thelathini na sita. Nyamweya alipita, akachukua ufagio wa pili bila kuuliza lolote. Hata kumchukia kwa amani siwezi.

Jumamosi, 9 Agosti
Sita kwa sifuri. Sita kwa sifuri. Nimefungwa seti zote mbili; Nyamweya ndiye aliyehesabu. Clémence alikaa kwenye benchi, mguu kwenye bandeji. Mara moja mpira wangu uliangukia ndani, akapiga makofi peke yake. Nusura nilie. Nyamweya amejitolea kunifundisha. Nimesema nitafikiria. Nyumbani nimemwahidi Clémence kwamba sitasema uongo tena.
"Bon, sawa," akajibu. Basi.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada mchungaji aliuliza mechi ilikwendaje. Nikasema nimemwachia Mkenya ushindi, bado kijana, asivunjike moyo. Mchungaji akaguswa. Hapo hapo akatangaza kwamba nitafundisha tenisi kanisa zima. Wamejiandikisha kumi na wawili. Clémence amekwenda garini akichechemea, hakunisubiri. Naanza Jumanne. Hivi pointi zinahesabiwaje?