Ombi la Kuendelea Kuvaa Helmeti Langoni mwa Wakulima

Chris Kihara,
Karani wa Wanachama,
Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kahawa Kiamuiru,
Tetu, Nyeri.

14 Oktoba 2025

Kwa Mwenyekiti, Mzee Gathogo,
kupitia kwa Katibu, Bi. Risper.

Mzee Mwenyekiti,

KUH: ILANI YA KUVUA MAVAZI YA PIKIPIKI AU KUACHA KAZI

Natumaini uko salama, na kwamba goti uliloliumiza kwenye ngazi za kanisa linaendelea kupoa. Mimi ni mzima. Nimeandika nakala nne za barua hii, na hii ndiyo inayosomeka.

Jana saa tatu asubuhi Bi. Risper alinikabidhi ilani yenye sahihi yako. Inasema kwamba wanachama wamelalamika; kwamba kuanzia Ijumaa hii nisionekane tena kwenye lango la mkulima yeyote nikiwa nimevaa helmeti, jaketi, glavu, ngao za magoti na buti; na kwamba nikishindwa, nirudishe pikipiki ya chama na kazi yangu apewe mtu "asiye na uoga mwingi kiasi hicho". Maneno "kiasi hicho" yamepigiwa mstari. Kwa heshima, na kwa kuwa hii ndiyo kazi ya kwanza niliyopata tangu nimalize chuo miaka mitatu iliyopita, naomba kamati inisikilize kabla ya Ijumaa.

Kwanza nikumbushe tulikotoka. Siku niliyoajiriwa, mwezi wa Februari, nilipewa vitu vitatu: pikipiki, mavazi hayo, na Waraka wa Nne, unaosema kwamba hakuna mfanyakazi atakayepeleka ilani za chama bila kuvaa mavazi kamili ya kujikinga. Waraka huo uliandikwa baada ya Theuri, karani aliyenitangulia, kuteleza kwenye tope akavunjika bega. Picha ya eksirei ya bega lake ilibandikwa ofisini iwe onyo kwa wafanyakazi wote. Ukuta uliochaguliwa ni ule ulio mbele ya meza yangu. Nimelitazama bega la Theuri kila siku ya kazi kwa miezi minane, na sasa nalijua kuliko anavyolijua mwenyewe. Kwa hiyo ninapoambiwa nivue, naomba kamati ikumbuke kwamba ndiyo iliyonionyesha bega.

Majibu yangu kwa malalamiko hayo ni haya.

1. Mbwa. Ilani inasema mbwa wa wanachama "wamefadhaishwa". Mbwa wa Mzee Mburu, anayeitwa Bosi, aliniuma mguu wa kulia mwezi wa Machi. Aliuma ngao ya goti, jino likang'oka, na Mzee Mburu ameiandikia kamati akitaka chama kimlipie Bosi daktari. Naomba izingatiwe kwamba goti lilikuwa langu. Nisingevaa ngao, jino lingebaki mdomoni mwa Bosi, Bosi angebaki kwenye goti langu, na mlalamishi angekuwa mimi. Sijawahi kusikia mtu akishtakiwa kwa kosa la kutoumia.

2. Salamu. Wanachama wazee wanasema siwasalimii. Ninawasalimu, Mzee, lakini sauti hubaki ndani ya helmeti na kunirudia masikioni. Cucu Wachuka, yule bibi mzee anayekaa ng'ambo ya mto, alinishika glavu akaniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikamwambia mimi ni Kihara, mtoto wa Wangui wa Wamagana. Akasema, "Kihara wa Wangui namjua. Ni kijana mwembamba. Wewe umemla?" Nikainua kioo cha helmeti nimwonyeshe uso. Akautazama kwa muda, akasema, "Ni yeye. Ako ndani." Kisha akamwita jirani aje anione kabla sijafungwa tena.

Nimepima. Kuvua kila kitu na kukivaa tena huchukua dakika kumi na moja. Kwa siku moja ninafika kwenye malango kumi na saba. Hizo ni saa tatu na dakika saba za kufungua na kufunga buti ili tu kumwambia mtu habari ya nyumbani. Nikifuata ilani yenu, wanachama wa mwisho kwenye orodha watasalimiwa kesho yake, na hao nao wataandika barua.

3. Muratina. Hili ndilo lililowaudhi wengi, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Tarehe 4 Septemba nilifika kwa Mzee Mugo, upande wa Othaya, kumpelekea ilani ya mafunzo ya kupogoa kahawa. Sikujua kwamba Jumamosi hiyo familia ilikuwa ipeleke ruracio, yaani mahari ya kijana wao, na kwamba nyuma ya jikoni kulikuwa na mitungi ya muratina, ile pombe yetu ya asili, waliyokuwa wamewaandalia wazee wa upande wa msichana. Mtu mmoja akageuka akaniona nimesimama langoni, mweusi kuanzia kichwani hadi miguuni, bahasha mkononi. Akasema neno moja tu: "Serikali." Kabla sijainua kioo, muratina yote ilikuwa kwenye nyasi za ng'ombe.

Walikuwa na kibali cha chifu, kimetiwa muhuri, ndani ya kabati. Walikikumbuka mitungi ilipokuwa mitupu.

Mzee Mugo aliisoma ilani yangu mara mbili. Akaniuliza, "Ati kupogoa?" Nikamjibu ndiyo, na waje na mikasi yao. Akaketi juu ya mtungi. "Kijana," akaniambia, "sasa tutaenda kuoa na soda." Mke wake akamwambia asinigombeze, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwaga. Ng'ombe wao wawili walilala hadi kesho yake adhuhuri.

Mzee Mwenyekiti, mimi sikumwaga chochote. Nilikuwa na glavu. Hata mtungi singeweza kuushika. Waliomwaga ni watu wenye kibali. Na ruracio ilikwenda vizuri: nimesikia wazee wa upande wa pili walikubaliana mapema kuliko kawaida, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwafanya wakae.

4. Vijana wa boda boda wa steji ya Wamagana. Hawa si wanachama, lakini maneno yao yamenukuliwa katika ilani yenu kana kwamba ni wataalamu. Wao huvaa makoti mazito kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo wa mlima usiwaingie kifuani, na helmeti zao huvaliwa na vioo vya pembeni vya pikipiki. Nikipita huniuliza, "Injinia, huko mwezini kuko aje?" Mkubwa wao, Wamae, alisema nikianguka nitadunda nirudi juu. Mwingine akasema, "Mwacheni, yeye ako na mwili moja tu." Nilifikiri huyo ananitetea, lakini wote walicheka.

Mimi nimehesabu tu. Tangu Februari watu wanne wa steji hiyo wamelazwa hospitalini, na mmoja hadi leo anafungwa vifungo vya shati na dada yake. Mimi kwa miezi minane sijapata ajali hata moja, na pikipiki ya chama haina mkwaruzo, si wa mti, si wa ukuta, si wa kitu chochote. Sidhani kuna karani mwingine katika kaunti hii anayeweza kuandika sentensi hiyo na kuiapia.

5. Kuchelewa. Ni kweli, ilani huchelewa kuwafikia watu. Mwendo wangu hauzidi wa mtu anayetembea. Theuri alikuwa akimaliza malango yote kumi na saba kabla ya chai ya saa nne, na bega lake liko ukutani.

6. Heshima. Ilani inamalizia kwa kusema kwamba chama chenye heshima hakiwezi kuwakilishwa na mtu "aliyejifunga kama furushi". Hapa, Mzee, nimelazimika kuweka kalamu chini, ninywe maji, kisha niishike tena.

Naomba kamati itazame orodha ya walioumia katika chama mwaka huu. Wewe mwenyewe uliumia goti kwenye ngazi za kanisa, bila ngao. Anita wa mapokezi aliangukiwa na avokado uani, bila helmeti, na kwa wiki nzima alikuwa akiwaita wanachama kwa majina ya baba zao. Kisha kuna Mkutano Mkuu wa Mei. Kiti cha plastiki kiliruka kutoka safu ya tatu kikampata makamu wako sikioni. Cha pili kilinipata mimi kichwani nikiwa kwenye meza ya kumbukumbu, na nilikuwa nimevaa helmeti. Niliendelea kuandika. Kumbukumbu za mkutano ule ndizo pekee katika historia ya chama hiki zilizofika hadi sala ya kufunga, na kamati ilizipitisha bila kubadilisha neno.

Kutokana na hayo, sioni kwamba tatizo ni mimi kuvaa. Naona tatizo ni kwamba nimevaa peke yangu. Mtu mmoja akivaa helmeti anatisha. Watu wote wakivaa, ni sare.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Kwanza, ilani ya jana ifutwe, na nisipoteze kazi Ijumaa kwa kutii waraka mliouandika wenyewe. Pili, picha zangu mbili, moja nikiwa nimevaa na nyingine nikiwa nimevua, zibandikwe kwenye kila kituo cha kupimia kahawa, ili wanachama wazizoee na wasimwage vitu. Tatu, kamati yote ivae helmeti kwenye mikutano mikuu, na makamu mwenyekiti aongezewe ngao za masikio kama zinapatikana. Nne, kila mwanachama anayepanda ngazi kupogoa kahawa avae helmeti na glavu, na kila anayepita chini ya mwavokado, na kila anayeteremka ngazi za kanisa, hasa baada ya ibada ya pili watu wanaposukumana. Tano, Bosi afungwe.

Najua kuna watakaosema nimezidisha. Mtu aliyezoea upepo usoni huona kila kinachouzuia ni woga. Lakini mimi ni mtoto wa pekee wa Wangui, na Wangui ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ana kazi ya pikipiki. Sitaki atangaze jambo jingine. Nikivunjika, hakuna wa kumpelekea mbolea shambani. Na nikifutwa kazi, itabidi asimame tena mbele ya akina mama wenzake aseme kwamba ilikuwa ya miezi minane tu. Kati ya hayo mawili sijui ni lipi lingemuumiza zaidi, na ndiyo sababu nimeandika barua badala ya kuja ofisini kwako, ambako najua ningesema tu "sawa, Mzee" na kutoka.

Nisalimie makamu mwenyekiti na sikio lake. Nisalimie Anita, na umwambie avokado bado hazijaisha mtini. Wasalimie wanakamati wote, pamoja na waliopendekeza nifutwe, ambao sitaki kuwajua. Kwa Mzee Mugo nitapeleka salamu mwenyewe, siku nitakayopata ujasiri.

Nakusubiri kwa adabu, nikiwa nimefunga vifungo vyote,

Chris Kihara,
Karani wa Wanachama.

Baada ya sahihi: Mzee, bahasha ilikuwa imeshafungwa. Mama yangu alinitazama nikiifunga, akaniuliza kama nimeandika yote. Nimeifungua kwa mvuke wa sufuria, ndiyo maana imekunjamana.

Sijui kuendesha pikipiki. Siku ya usaili mliniuliza, "Pikipiki utaiweza?" nikasema ndiyo, kwa kuwa kwenye benchi nyuma yangu kulikuwa na watu kumi na tisa, na wote walikuwa wakiitikia kwa kichwa kwamba wanaiweza. Tangu siku fundi alipoileta, pikipiki ya chama iko kwenye banda la mbuzi la mama, chini ya turubali. Mama huipangusa kila Jumamosi na kuwaonyesha akina mama wa kanisa, nami sijawahi kumwambia kwamba sijui kuiendesha. Yeye hudhani naionea huruma kwa sababu ya tope. Ilani zote nimezipeleka kwa miguu, na za upande wa Othaya kwa matatu, nikiwa nimevaa kila kitu kama Waraka unavyoagiza. Dereva mmoja aliniomba nishuke kwa sababu abiria walikuwa wameanza kusali. Ndiyo maana pia sijawahi kudai mafuta, jambo ambalo kamati ilinipongeza mwezi wa Juni. Siku ile nilikuwa nimefungua mdomo niseme, lakini mlikuwa mmeanza kupiga makofi.

Naomba nipewe hadi mwisho wa mwezi nijifunze. Kama jibu ni hapana, naomba atakayekuja kuichukua pikipiki aje Jumapili asubuhi tukiwa kanisani, ili mama asiione ikitoka. Naomba tu aje na mavazi yake. Haya bado nayahitaji kwa kutembea.