Kisima Changu na Vitu Vilivyomo

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu amehamia kwa mama yake na pacha wetu. Jana mmoja alipanda juu ya mbao za kisima cha uani, zikalia kwaa! Hatukitumii tangu tuvute maji ya bomba. Kasema atarudi siku kitakapozibwa, si siku moja kabla. Nyumba kimya. Nimekula mkate nimesimama.

Lakini kazi gani hiyo? Shimo hujazwa. Nimetupia godoro kuukuu. Limekawia kufika chini! Nikatamani ningekuwa na la pili.

Jumanne, 5 Machi
Fundi wa visima amekuja, mama mfupi mwenye kioo cha mkononi. Akaurudisha nacho mwanga wa jua hadi chini, akauliza godoro ni la nani. Nikasema huenda lilikuwepo.

Akanieleza kwamba maji ya chini hayana ukuta. Godoro likiozea kwangu, jirani atalinywa kisimani kwake. Kwanza kila kitu kitoke, ndipo dawa ya kuua vijidudu, kokoto safi, mchanga, udongo wa mfinyanzi, zege juu. Jirani, tunayemwita Bwana Najua, alikuwa anasikiliza ukutani. Akauliza amenikosea nini hata nimnyweshe godoro. Aibu tupu! Fundi amelivua kwa kulabu. Atarudi keshokutwa, na nisitie kitu chochote.

Jumatano, 6 Machi
Bwana Najua anadai kisima kina mita kumi na mbili. Mimi nasema ishirini. Kupima si kutia kitu, nadhani. Nimefunga pasi ya mke wangu kwenye kamba, nikaishusha polepole. Fundo likafunguka. Nimeteremsha tochi ili niione pasi. Fundo lile lile! Kwa nini lifunguke mara mbili? Ningekuwa na kitu cha tatu ningejua.

Jioni nikakipata: kijiko cha mchuzi.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kamulika kioo. Akauliza kama naziba kisima au nahamia humo. Gari la kokoto limerudishwa, mpaka Jumamosi. Mke wangu kapiga simu, kauliza kwa upole nimefikia wapi. Nimesema tunaendelea vizuri. Akanipa mmoja wa pacha, akauliza kama bado namkumbuka. Nimelia kidogo, sioni haya kuandika.

Jumamosi, 9 Machi, mchana
Kimezibwa! Fundi kanikalisha mlangoni mwa jiko, Bwana Najua akanilinda. Vitu vimevuliwa, dawa imemwagwa. Kipimo rasmi: mita kumi na mbili na nusu. Bwana Najua hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Kokoto, mchanga, kisha udongo ukishindiliwa tabaka kwa tabaka. Niliuliza mtu hujuaje kama umeshika. Fundi akasema kwa kutougusa. Zege limelala sawasawa. Amelifunika magunia mabichi, akaagiza lisikanyagwe siku saba. Mke wangu anakuja saa kumi. Nimefagia, nimetandika vitanda vya pacha, nimenyoa ndevu.

Jumamosi, jioni
Nilitaka tu kujua kama katikati pamekauka sawa na pembeni. Hapajakauka. Mguu umezama hadi kifundo. Nimeuchomoa, ndara imebaki.

Mke wangu akaingia na mabegi, na pacha wamemshika gauni. Akainua gunia. Akauliza ndara ni ya nani. Nikasema ya Bwana Najua, anapenda kupima vitu. Akautazama mguu wangu wa kushoto, mtupu, mweupe kwa saruji. Akageuka na mabegi, na pacha wakanipungia mikono hadi njia panda.

Siku saba tena! Fundi atakuja kesho kurekebisha, amekasirika sana. Nimekaa uani peke yangu, moyo mzito. Najuta, kwa kweli najuta.

Ila tangu saa kumi jua limepiga vizuri. Lazima kuna tofauti. Nitagusa kwa kidole tu.