Unataka Kuokolewa?

Jumatano, 9 Oktoba 2002
Nyamianda, Uvira. Nimeamka hai. Sikutegemea. Miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Padri Sévère alikuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Alisikiliza dhambi zangu zote hadi ya mwisho, kisha akafunga kichupa chake na kukirudisha mfukoni. Akasema mafuta yatangoja. Kwanza nimwambie Nasoro, kwa mdomo wangu, nilichomfanyia. Nikasema siwezi kufika hata chooni. Akasema basi Nasoro ataletwa. Padri gani huyu! Nilimfundisha jiometri, na hakuwa mzuri.

Niandike hapa, nisije nikajidanganya tena. Mwaka 1986 nilianzisha Chora-Tanganyika, kampuni ya kwanza ya programu za kuchora mashine kwenye ufuko huu wote. Ya pili haijatokea. Mimi nilikuwa mchoraji wa kiwandani kwa miaka ishirini. Nasoro, wa familia ya Waislamu wafanyabiashara wa hapa mjini, alileta kompyuta kutoka Bujumbura, akaibeba mwenyewe mapajani njia nzima. Programu niliiandika mimi, kwa Kiswahili, ili hata mkulima wa Luberizi aielewe. Kabla ya kufunga, ilipaswa kuuliza kama unataka kuweka kazi yako. Kifaransa husema sauver, neno lilelile la kuokoa. Nilikuwa na haraka. Nikaandika: UNATAKA KUOKOLEWA? NDIYO / HAPANA.

Neno "kuhifadhi" lilinijia miaka minne baadaye, nikioga.

Ukijibu Hapana, disketi nzima ilisafishwa. Niliona ndiyo mantiki: anayekataa, anakataa yote.

Alhamisi, 10 Oktoba
Homa. Naendelea.

Machi 1989 tulikuwa tumechora kwa miezi minane kinu cha kukoboa mpunga cha ushirika wa Luberizi. Siku moja, adhuhuri, kila kitu kikafutika. Nikasema Nasoro ndiye aliyebonyeza Hapana. Nani angebisha? Mwislamu anaulizwa na mashine kama anataka kuokolewa! Mji mzima ulicheka hadi ukakaa chini. Ushirika ukaenda kwa wengine, kampuni ikafa, na Nasoro akapata jina jipya: Hapana. Duka lake la nyavu linaitwa "kwa Hapana". Binti zake waliolewa wakiitwa mabinti wa Hapana.

Ni mimi. Asubuhi ile sokoni walokole watatu walinisimamisha, mmoja baada ya mwingine, kuniuliza kama nimeokoka. Mimi niliyesoma seminari ndogo miaka minne! Niliwajibu hapana, hapana, hapana. Nilifika ofisini ningali nachemka. Nasoro alikuwa ameenda kusali. Nikachora mstari mmoja, nikataka kufunga. Mashine nayo ikaniuliza.

Nikaijibu.

Sasa mpango. Nimekwisha kuandika Historia ya Chora-Tanganyika, kurasa sitini. Ukiri nimeuweka ukurasa wa 41, maelezo ya chini, herufi ndogo sana, chini ya jedwali la mafuta ya jenereta. Nasoro akisoma, nimeshasema. Asipouona, kosa ni la macho yake. Bibiche, mke wa marehemu mwanangu, hakutaka kukipeleka kitabu kwa Nasoro. Alisema, "Papa, watu ya Mutarule iko wanapita na magodoro kichwani, na minye nipite na kitabu?" Alipita nacho katikati ya wakimbizi hao.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kitabu kimerudi. Nasoro aliishia ukurasa wa tatu. Alimweleza Bibiche kwamba neno "mimi" limemchosha: amelihesabu mara thelathini na moja, na kampuni bado haijafunguliwa. Kisha akamuuliza, "PDG iko nakufa kweli, ao iko natafuta kazi?" Bado ananiita PDG, mkurugenzi mkuu, kama enzi za kampuni. Amenitumia ndagala, dagaa wa ziwa hili, na ndimu juu yake.

Nilizila zote. Hazikushuka vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba
Milio ya bunduki upande wa mlimani tangu alfajiri. Majirani wanavuka kwenda Burundi. Bibiche amefunga mizigo, akanitazama, akaifungua. Ningependa anifokee. Nimemwambia aende, mimi mzee nimekwisha. Akanijibu ninyamaze ninywe uji. Ninamshikilia mtu hai hapa kwa sababu sina heshima ya kufa upesi.

Jumapili, 13 Oktoba
Wapiganaji wameingia mjini! Mabomu tangu asubuhi. Nyumba yetu ina dari ya zege, kwa hiyo majirani walikimbilia kwetu, na Nasoro pia, kanzu imejaa matope. Tulilala bega kwa bega chini ya meza yangu kubwa ya kuchorea.

Mpango wa pili, nao ulikuwa mzuri: kukiri wakati wa mlipuko. Mungu anasikia kila kitu, Nasoro hasikii chochote, padri anapata alichotaka. Bomu la kwanza, nikasema ni mimi. La pili, nikasema niliyebonyeza. Nikavuta pumzi, nikangoja la tatu, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Hapana!"

La tatu halikulia. Kimya kabisa. Watu wote chini ya meza walinisikia.

Nasoro akanishika mkono. "Minye iko hapa, PDG," akasema. "Usiogope."

Ameitika! Nilifikiri jina lile wanamwita kwa nyuma tu. Ameshalizoea hata kuliitikia, gizani, na mabomu juu. Nililia. Wakadhani ni hofu, wakanipa maji.

Jumatano, 16 Oktoba
Mji una wenyewe wapya. Hakuna unga. Barabarani kuna maiti ambazo hakuna anayethubutu kuziondoa. Bibiche alikwenda kutafuta muhogo akarudi na majani. Duka la Nasoro limeporwa, hata milango. Padri Sévère alipita akiwa hajalala siku tatu, akaniuliza kama nimemwambia. Nikasema nimejaribu, chini ya mabomu. Akasema kujaribu si kusema, na sisi mafundi tunapenda mno majaribio. Nikamuuliza itakuwaje nikifa leo. Akasema ana wafu wa kutosha wa leo, nimfanyie hisani ningoje.

Usiku na mchana naogopa. Si mchezo tena. Nikifunga macho naona herufi za kijani, zinauliza.

Ijumaa, 18 Oktoba
Leo. Mungu wangu, leo.

Nasoro alikuja kuaga. Kesho anavuka na binti zake kwenda Kigoma, na hajui kama atarudi. Nilikuwa tayari. Bila mpango, bila maelezo ya chini. Neno lilikuwa ulimini. Nikafungua mdomo, naye akanitangulia. Akapiga magoti, mzee wa miaka sitini na sita, akasema hawezi kuingia majini na dhambi hii. Miaka kumi na mitatu amejaribu kuikumbuka adhuhuri ile. Anakumbuka alitawadha, anakumbuka alisali, anakumbuka kioo cheusi aliporudi. Kubonyeza hakumbuki. Lakini PDG aliyeijua mashine alisema ni yeye, kwa hiyo ni yeye. Kidole kilikosea, akasema, roho haikutaka. "Nilikuulia kampuni yako, muzee. Unisamehe."

Bibiche amesimama mlangoni na kikombe. Anatazama. Nasoro analia. Mdomo wangu uko wazi.

Nikamsamehe.

Alinibusu mkono. Akaondoka mwepesi kama kijana. Bibiche akasema, huku anapangusa macho, "Papa, kumbe weye uko na roho muzuri hivi!"

Jumapili, 20 Oktoba
Jana mji ulibadilisha wenyewe tena. Sikujua walioingia ni nani, sikuuliza. Bibiche amesikia kwamba boti ya Nasoro ilifika salama.

Padri Sévère alikuja baada ya misa. Akaniuliza kama jambo la Nasoro limekwisha. Nikasema kati yetu msamaha umeombwa na umetolewa, machozi yametoka, Bibiche ni shahidi. Hakuna neno moja la uongo. Bibiche alisema ndiyo, aliona mwenyewe. Padri alinitazama kwa muda mrefu. Lakini alikuwa amechoka, na nje walikuwa wanamwita. Akafungua kichupa.

Mafuta kwenye paji. Mafuta kwenye viganja. Nilingoja nijisikie mwepesi. Sikujisikia chochote. Nadhani yameharibika kwa joto.

Hata hivyo, saa tisa nilipata nguvu za kukaa. Nimeongeza sura kwenye Historia: "Moyo Mkubwa wa Mwanzilishi". Kurasa nne, na bado sijafika kwenye magoti. Bibiche anasema karatasi zinaisha na mjini hakuna za kununua. Nimemwambia asijali. Sura ya Nasoro nitaipunguza.